Msalaba wa bronzi umeota kijani kaburini: tuusugue kwa asidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Kaburi la baba yetu liko kwenye makaburi ya kigango, huku Rombo. Mwaka 2009 tulimwekea jiwe la itale nyeusi, na juu yake msalaba wenye Yesu wa bronzi. Sasa sanamu yote ni ya kijani, na michirizi ya kijani imeshuka kwenye jiwe. Pale msalaba unapoingia jiweni kuna na mchirizi wa kahawia. Mdogo wangu kanunua asidi ya chooni na msasa, anataka tuisugue ing'ae kabla ya Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, kisha tupake vanishi. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Mwambie mdogo wako asiifungue hiyo asidi, na msasa nao auweke kando. Najua anataka kumheshimu baba, ila vitu hivyo viwili vitaiumiza sanamu kuliko mvua ya miaka yote hiyo.

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Ikikaa nje hujivika ngozi, kwanza ya kahawia, baadaye ya kijani, na ngozi hiyo ikishikamana vizuri ndiyo kinga yake. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ni ya bronzi, nayo imesimama kwenye hewa ya bahari tangu 1927. Msasa utaondoa kinga hiyo, na pamoja nayo mikunjo ya nguo na mishipa ya mikono ambayo msanii aliihangaikia. Asidi ni mbaya zaidi. Asidi nyingi za chooni ni haidrokloriki, ambayo huacha kloridi, yaani chumvi za klorini, ndani ya vitundu vya bronzi. Kila unyevu ukija, kloridi inaendelea kuila shaba. Pitisha kidole leo. Ukikuta unga wa kijani mpauko unaopukutika, na ukiufuta unarudi, usioshe kitu. Mtafute mhifadhi wa makumbusho.

Lakini kilichonishtua mimi ni ule mchirizi wa kahawia, ulioutaja kama jambo dogo. Shaba haitoi kutu ya namna hiyo. Karibu hakika fundi alisimamisha msalaba kwa nondo ya kawaida. Chuma kikigusana na bronzi mahali penye maji, chuma ndicho kinacholiwa, tena haraka. Sanamu ya Uhuru ya New York ilipata shida hiyohiyo: pau za chuma zilizoshikilia shaba yake ziliharibika, zikabadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu katika ukarabati uliokamilika 1986. Kutu huvimba, na itale, pamoja na ugumu wake wote, hupasuka ikisukumwa kutoka ndani. Msalaba ukitikisika hata kidogo, wazuieni watoto kuusogelea, kisha fundi mawe autoe na kuweka nondo isiyoshika kutu ya daraja la 316, yenye kizibo cha plastiki kati yake na bronzi. Fedha mliyopanga kwa vanishi ianzie hapo.

Usafi wenyewe ni mwepesi. Maji safi, sabuni laini kidogo, brashi ya nywele laini, suuza sana. Ikikauka kabisa, siku ya jua bronzi ikiwa vuguvugu, paka nta ya mikrokristalini (nta itokanayo na mafuta ya petroli, inayotumika kuhifadhi sanamu) kwa safu nyembamba, uifute kwa kitambaa cha pamba. Rudia kila mwaka. Vanishi ya mbao hubanduka vipandevipande, maji yakajificha chini yake.

Michirizi ya kijani jiweni ni chumvi za shaba zilizoteremka na mvua. Changanya udongo mweupe wa kaolini na amonia iliyozimuliwa, upake juu ya doa, funika kwa nailoni siku moja, kisha suuza. Jaribu kwanza nyuma ya jiwe. Vaa glavu, usichanganye na dawa yoyote yenye klorini, na usiruhusu amonia iguse sanamu, maana huyeyusha shaba. Nta ikishakaa, michirizi mipya itapungua yenyewe.