Weji haiingii chini ya mpira

SWALI: Assalam aleikum kocha. Mimi nacheza gofu wikendi tu hapa Mombasa, hendikapu yangu (mapigo ya ziada ninayopewa) 21. Shida yangu ni pichi, yale mapigo mafupi ya kupandisha mpira, za yadi 30 mpaka 60. Ama nachimba ardhi mpira unasonga hatua mbili, ama nautopu, yaani naugonga juu ya tumbo lake, unavuka grini (pale penye shimo na bendera) mpaka kichakani. Nina weji mbili, fimbo zile za uso uliolala: piching weji iliyokuja na seti na sandi weji ya digrii 56. Mwenzangu mmoja asema ninunue ya 60, mwengine asema nimpelekee fundi hiyo 56 aipunguze soli, ule upande wa chini wa kichwa cha fimbo, iwe nyembamba ipate kuingia chini ya mpira. Video nazo zasema niweke mikono mbele nipige kwenda chini. Nishike lipi?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Kwanza hiyo weji usiipeleke popote. Kama ishafika kwa fundi mpigie simu saa hii kabla hajawasha mashine, halafu urudi tuendelee.

Swali lako naulizwa kila mara, kinachobadilika ni yadi tu, na kila anayeuliza ananiletea kuchimba na kutopu kama magonjwa mawili yanayotaka dawa mbili. Ni ugonjwa mmoja huo. Kila swingi, yaani mzungusho wa fimbo, ina pahala pake pa chini kabisa, pale fimbo inapomaliza kushuka ikaanza kupanda. Pahala hapo pakiwa nyuma ya mpira una mawili tu, ama fimbo igonge ardhi kwanza, hapo umechimba, ama iponee ardhi lakini ishaanza kupanda ikute mpira kiunoni kwa makali yake ya mbele, hapo umetopu na mpira umeenda zake kichakani. Ndo maana mtu achimba shimo la tatu, la nne anatopu, na swingi yenyewe haikubadilika hata kidogo.

Sasa kwa nini pahala pa chini pabaki nyuma? Kwa sababu unaunyanyua mpira. Sikuoni unavyocheza lakini maneno ya rafiki yako yamenitosha, "ipate kuingia chini ya mpira". Hapo ndipo ninapochoka jamani. Watu wengi wanaocheza gofu mji huu wanaamini weji ni kijiko, kwamba lazima iingie chini ya mpira iuchote iupandishe. Mtu akiamini hivyo mwili wake utafuata tu, uzito utabaki mguu wa kulia, bega la kulia litashuka, na mwisho viganja vitapinduka kichwa cha fimbo kiipite mikono. (Nasema kulia na kushoto kwa wanaopiga kwa mkono wa kulia, kama wewe ni wa kushoto geuza.) Unaweza kumwambia mtu huyo asipinduke viganja mpaka usiku uingie, hatoacha, maanake kichwani mwake bado anataka kuusaidia mpira upande.

Mpira hausaidiwi. Uso wa fimbo na mpira hukutana kwa muda wa kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaowahi kufanya lolote ndani ya muda huo, si kunyanyua, si kuchota, si kukata. Kazi ya kupandisha ilimalizwa kiwandani pale uso ulipolazwa digrii 56, wewe kazi yako ni kuufikisha uso huo kwenye mpira ukiwa vile ulivyotengenezwa, basi. Na ikitokea fimbo ikaingia kweli chini ya mpira, kama pale mpira umekaa juu ya nyasi ndefu, utaona mwenyewe, mpira unagongwa na sehemu ya juu ya uso hauna nguvu unaanguka miguuni pako. Yaani hilo mnalolitafuta likipatikana ndo pigo baya kuliko yote.

Haya, video. Hao wa video wameona watu wanachota, wakaamua dawa ni kinyume chake, mpira uweke mguu wa kulia, mikono isukume mbele mpaka ipite paja la kushoto, gonga kwenda chini kwa nguvu. Hebu tupige hesabu ndogo. Sandi weji nyingi za 56 zina baunsi ya digrii 10 mpaka 14, tuseme yako 12. Baunsi ni ule mteremko wa soli, soli ya nyuma kukaa chini zaidi ya makali ya mbele. Ukiiinamisha shafti (mpini wa fimbo) mbele digrii 10 umeondoa kama 10 kwenye lofti, ule ulalo wa uso, na 10 kwenye baunsi, kwa hivyo mkononi umebaki na fimbo ya digrii 46 yenye baunsi 2. Umelipa pesa ya sandi weji halafu unapiga na kitu kama piching weji yenye makali ya kisu. Ukikosea sentimita mbili tu nyuma ya mpira inajikita ardhini na hapo ndo yale maumivu ya kiwiko watu wanayoyalalamikia. Mwenye mkono wa kucheza kila siku anaweza kuitumia mikono mbele kwa mpira wa chini chini, sikatai. Wewe wa wikendi hiyo si dawa, umetolewa shimo moja ukatiwa jengine.

Baunsi ndo rafiki yako na hakuna anayewaambia. Fimbo ikishuka na shafti iko karibu wima, soli inagusa ardhi kwanza na inateleza, kama tumbo la dau linavyopita juu ya maji bila kuzama. Ukikosea kidogo nyuma ya mpira soli inakusamehe, inateleza mpaka kwenye mpira na pigo linatoka la kuridhisha. Ndo maana ya ule unene pale chini, si uzito wa bure, si kosa la kiwanda.

Na hili si jipya. Gene Sarazen, Mmarekani, alichukua fimbo zake za mchangani akaongeza risasi ya kulehemu kwenye soli, akaijenga iwe nene na ishuke nyuma ili makali yasitangulie, na mwaka 1932 akaenda nayo kwenye mashindano ya British Open pale kiwanja cha Prince's, Uingereza, akashinda. Sandi weji tunazotumia leo zimetoka kwenye wazo hilo. Yule aliongeza chuma, sasa miaka zaidi ya 90 baadaye mtu wa Mombasa analipa fundi wa grili na madirisha apunguze chuma kilekile. Fundi simlaumu, kwao ni kazi kama kazi nyengine, ameambiwa punguza amepunguza. Namlaumu anayejiita mjuzi wa gofu anayewatuma watu kule. Kunoa soli kuko, kuna watu duniani kazi yao ni hiyo, lakini wanapima mchezaji anavyoshuka na ardhi anayochezea kabla hawajagusa chuma, na hata wao hawaiondoi baunsi yote. Ukiinoa iwe kama upanga, masika ikifika, Mei hasa, ardhi ikilowa, utachimba mpaka ukate tamaa ya mchezo.

Ukweli lakini usemwe wote, ardhi kavu ngumu ya Januari na Februari haipendi baunsi kubwa sana, hasa ukiufungua uso, yaani ukiugeuza ulale zaidi, soli inaweza kuruka ikakupa topu. Kwa anayecheza mwaka mzima viwanja vya pwani baunsi ya kati ya 8 na 12 inatosha, na kwenye ardhi kavu usiufungue uso, uache mraba, uelekee bendera. Hapo umemaliza, hakuna haja ya mashine ya kusaga.

Sasa ufanye nini. Simama miguu karibu karibu, upana wa kiatu kimoja au viwili katikati, mpira katikati, uzito kidogo zaidi mguu wa kushoto na ubaki hukohuko mwanzo mpaka mwisho, usiuhamishe kwenda na kurudi. Mikono iwe sawa na mpira ama mbele kidogo sana. Gripu shika kwa upole. Halafu geuza kifua, kirudi nyuma na mikono, kije mbele na mikono, na mwisho kitovu kiangalie bendera. Huu mwisho ndo wenye kazi kubwa, manake kifua kikisimama viganja vinapinduka vyenyewe hata kama hutaki, na kifua kikiendelea kugeuka pahala pa chini panasogea mbele mpaka chini ya mpira au mbele yake kidogo, yaani pale tunapopataka. Umbali uupime kwa urefu wa kurudi nyuma, mkono wa kushoto ufike kiunoni, mbavuni ama begani, na mwendo wa kuja mbele uwe uleule. Wengi wanarudi nyuma sana halafu fimbo ikikaribia mpira wanaingiwa na woga wanafunga breki. Ukifunga breki unachimba, hata kwenye Kenya Open ukimwona profeshono anachimba pichi fupi mara nyingi ni breki.

Zoezi langu la kwanza halihitaji mpira wala pesa. Maji yakipwa nenda pwani asubuhi mapema, kabla ya watu na ngamia, tafuta pale mchanga umeshikana bado una unyevu. Chora mstari, simama mstari uwe katikati ya miguu, swingi ya pichi, angalia alama. Alama inatakiwa ianze kwenye mstari iende mbele, upande unaolenga mpira, iwe pana na ya juu juu. Ikianza nyuma ya mstari ulikuwa unachota. Ikiwa shimo jembamba lenye kina, umeingiza makali, mikono imetangulia sana. Mchanga hauwezi kukudanganya na hauhitaji mtu wa kukueleza. Usipige mpira hata mmoja mpaka alama zako zikae mbele ya mstari mfululizo. Ukirudi nyumbani osha fimbo kwa maji matamu na uikaushe, chumvi ya bahari haina huruma.

La kununua 60: hapana, si sasa. Lofti ikizidi lazima upige kwa nguvu zaidi kwa yadi zilezile, na makosa yanakuwa makubwa zaidi. Piching weji za seti za siku hizi nyingi ziko kama digrii 44 au 45, na wewe unaruka kutoka hapo mpaka 56. Pengo lako liko katikati, si juu. Kama pesa ipo nunua ya 50, na kanuni inakuruhusu fimbo 14 tu kwenye begi kwa hivyo kila moja iwe na kazi. Tena ukumbuke upepo wetu. Kusi likivuma kutoka baharini kuanzia Aprili, pale kiwanja cha Mombasa Golf Club kilivyokaa wazi juu ya bahari, mpira wa 60 unapanda unasimama hewani unarudi. Ukiwa na swingi ileile ya pichi na fimbo ya 50 mpira unaenda chini chini unafika.

Na hapa naomba wasome wote si wewe peke yako. Kila msimu kuna njia mpya ya mkato inauzwa. Sasa hivi ni vile vyuma vidogo vya kukwaruza mistari ya uso, ati mpira usimame kwenye grini kama wa profeshono. Spini, ule mzunguko wa mpira unaousimamisha, inatoka kwenye uso safi na mkavu, mpira wenye ganda laini na kugonga mpira kabla ya ardhi. Mpira mgumu wa bei rahisi uliookotwa bwawani hautasimama hata mistari uichonge na almasi, na mistari ikitanuka kupita vipimo fimbo imekuwa haramu, ukipiga nayo kwenye mashindano unaondolewa kabisa, si adhabu ya pigo moja. Nunua kitambaa, kilowanishe nusu, futa uso kabla ya kila pigo, utapata spini zaidi ya hiyo inayouzwa.

Walimu nao muwaulize maswali. Anayekuangalia ukipiga mara mbili akakwambia nunua hiki, huyo ni muuzaji. Anayekupa dawa moja na mwenzako mwenye kosa tofauti akampa ileile, pesa yako mfukoni. Mwalimu anaangalia divoti zako, zile alama fimbo inazokwangua ardhini, ziko wapi, anakuuliza mpira unaenda wapi ukikosea, anaishika fimbo yako akaitazama soli kabla hajafungua mdomo.

Kwa ambao soli zao zishanolewa, chuma hakirudi, msipoteze pesa kulehemu. Tafuteni ya mtumba, ziko, lakini igeuzeni kwanza. Lofti nyingi zimechapwa kwenye kichwa na baadhi zina namba ya baunsi pembeni yake. Pitisha kidole kwenye soli, ukikuta mikwaruzo ya kinoleo ama upande mmoja umekuwa bapa kuliko mwengine, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia nusu bei.