Jibu: Auti au salama pale besi ya kwanza?

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza mwamuzi wa besiboli aamueje kama mkimbiaji ni auti (ametolewa) au salama pale besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachopaswa kukigusa. Umekwama hapa: mpira unafika besi karibu sawa na mkimbiaji, na macho hayawezi kufuata vyote viwili. Usiyalazimishe. Ukishaona mrusho umenyooka, tazama besi na mguu wa mkimbiaji, sikiliza mpira ukigonga glavu ya mdakaji aliye kwenye besi. Mlio ukitangulia, auti. Mguu ukitangulia, au vikiwa sawa kabisa, yuko salama.

Lakini kwanza kagua unaposimama: kama mita 5 au 6 kutoka besi, ubavuni mwa njia ya mrusho. Pale Mnazi Mmoja watu wakishangilia husikii glavu, basi rudi nyuma kidogo uone mguu na glavu pamoja.

Na usiharakishe kunyanyua mkono kuashiria auti! Nimeona mpira ukidondoka mchangani, mwamuzi keshatangaza auti.