Maswali na Majibu: Ndege wa Baharini na Rutuba ya Nchi Kavu

Ndege wa baharini huletaje rutuba nchi kavu? (Mwanafunzi, Kasarani)

Huvua samaki na ngisi mbali na pwani, kisha hurudi kisiwani kulala, kutaga na kulisha makinda. Kinyesi chao, mayai yaliyovunjika na mizoga huacha ardhini nitrojeni na fosforasi iliyotoka baharini. Wanasayansi huifuatilia safari hiyo kwa nitrojeni nzito, yaani aina ya nitrojeni yenye atomu nzito kidogo kuliko ya kawaida, ambayo huongezeka kila kiumbe kinapomla mwenzake, hata alama yake ikaonekana katika majani ya miti ya kisiwani.

Je, makorongo wakubwa wa Barabara ya Mombasa hapa Nairobi hufanya kazi hiyohiyo? (South B)

La. Hao hula taka za jalalani, kwa hiyo huihamisha rutuba kutoka nchi kavu hadi nchi kavu. Swali hili nimelijibu zaidi ya mara moja, na naomba tutazame kwanza ndege anakula wapi.

Mbona kila mara unawalaumu panya? (Lang'ata)

Kwa sababu ndio wanaoikata njia hii ya rutuba, na sisi binadamu ndio tuliowabeba katika merikebu zetu hadi visiwani. Ndege wengi wa baharini hutaga chini au katika mashimo, na panya huwamalizia mayai na makinda. Katika funguvisiwa la Chagos, Bahari ya Hindi, watafiti walilinganisha visiwa vyenye panya na visivyo na panya; matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba visiwa visivyo na panya vilipokea nitrojeni ya ndege mara 251 zaidi, na kwa kuwa rutuba hiyo huteremka hadi majini, uzito wa jumla wa samaki katika matumbawe ya kando yake ulizidi kwa asilimia 48. Anayedhani kwamba hili ni jambo la wapenda ndege peke yao amfikirie mvuvi. Mizigo ya kila boti inayokwenda visiwa vya Kiunga, pwani ya kaskazini ya Kenya, wanakotaga ndege wa baharini waitwao buabua, ingefaa ikaguliwe kabla ya kung'oa nanga, kwani panya mmoja mwenye mimba anatosha.

Naweza kuchukua kinyesi cha ndege Kisite kiwe mbolea ya sukuma wiki? (Rongai)

Hapana. Kisite, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, ni hifadhi ya taifa, na mayai pia yaachwe yalipo. Katika visiwa vya Chincha, Peru, marundo ya kinyesi yaliyozidi kimo cha mita 30 yalichimbwa na kuuzwa ng'ambo hadi yakakaribia kwisha katika miaka ya 1870. Kwa bustani ya Rongai, samadi ya ng'ombe wa Kajiado inatosha.