Kuchagua madirisha ya bawaba na muuzaji wa kumwamini

Ndugu muulizaji ameeleza kwamba nyumba yake imefikia hatua ya kuwekwa madirisha, kwamba ameamua kuacha yale ya kuteleza na kuchukua ya kufunguka kwa bawaba, na kwamba ana makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji watatu yanayotofautiana sana ingawa wote wanadai kuuza kitu kilekile. Anataka kujua tofauti hiyo inatoka wapi na amwamini nani. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika karakana ya madirisha, na baadaye nikasimamia ufungaji wake majumbani, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Uamuzi wake ni mzuri. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu ya nafasi yake, na kwa kuwa lazima liachiwe mwanya wa kupita, huzibwa kwa brashi za nyuzi ambazo huchakaa na kushika vumbi. La bawaba hufunguka karibu nafasi yote, na linapofungwa, komeo huuvuta ubawa (ile sehemu yenye kioo inayofunguka) ukaubana mpira pande zote nne. Mbano huo ndio unaozuia upepo, maji ya mvua, vumbi na kelele. Ubawa ukishuka milimita chache tu, mpira haubanwi tena sawasawa, na dirisha la gharama kubwa huanza kuvuja kama la bei rahisi. Ndiyo maana mimi humuuliza muuzaji kwanza ni kitu gani kinachoushikilia ubawa usishuke, kabla hatujazungumzia rangi wala unene wa kioo.

Kioo ni kizito kuliko watu wengi wanavyodhani: kila milimita moja ya unene, katika mita moja ya mraba, ina uzito wa kilo 2.5. Ubawa wenye upana wa sm 60 na urefu wa sm 120, ukitiwa vioo viwili vya mm 4 (vilivyoachiwa nafasi iliyozibwa katikati yake), unabeba zaidi ya kilo 14 za kioo peke yake, na uzito huo wote unaning'inia upande mmoja. Bawaba hutengenezwa kwa viwango vya uzito na ukubwa wa ubawa, kwa hiyo mwulize muuzaji bawaba anazotumia zinaruhusiwa kubeba kilo ngapi, na jibu lake alionyeshe kwenye karatasi ya mtengenezaji. Mimi binafsi siridhii ubawa wa bawaba za pembeni unaozidi sm 70 kwa upana. Nafasi ikiwa pana zaidi ya hapo, ni afadhali kugawa mbawa mbili au kuweka kioo kisichofunguka katikati.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi halioni kabisa, nalo ni kabari. Kioo hakipaswi kukaa moja kwa moja juu ya fremu ya ubawa. Hukalishwa juu ya kabari ndogo za plastiki, na katika dirisha la bawaba za pembeni kabari hizo hupangwa kwa ulalo: ya chini upande wa bawaba, na ya juu upande wa komeo. Zikipangwa hivyo, kioo chenyewe hugeuka kuwa kiegemeo kinachokwenda kona kwa kona na kuuzuia ubawa usilale. Fundi mwenye haraka huziweka popote au haziweki. Ukienda kukagua kazi ya zamani ya muuzaji, fungua dirisha na uangalie fremu sehemu ya chini, upande wa komeo: ukikuta mstari wa mkwaruzo uliong'aa au rangi iliyolika, jua kwamba ubawa umeshuka na unaburuza, na mara nyingi chanzo ni kabari au bawaba. Omba pia, pale karakanani, kibanio cha kioo (ule ukanda unaokishikilia kioo ndani ya fremu) kiondolewe kwenye dirisha moja ili uzione kabari. Muuzaji anayeijua kazi yake hatakataa, kwa sababu kibanio hutoka na kurudi bila kuharibika.

Kuhusu fremu, kila malighafi ina tabia yake. Alumini ina nguvu hata ikiwa nyembamba, lakini hupitisha joto na baridi kwa urahisi, hivyo penye baridi kali au kiyoyozi kinachofanya kazi muda mrefu, tafuta ile yenye ukanda wa plastiki ngumu unaotenganisha upande wa ndani na wa nje. Kagua kona zake kwa karibu: ukucha wako ukinasa kwenye mwanya, maji nayo yatapita. Rangi ya unga (inayopuliziwa alumini kisha ikaokwa) inayofuata kiwango cha ubora cha Qualicoat huwa na unene wa wastani wa mikroni 60 (mm 0.06) au zaidi. Plastiki ya uPVC haipitishi joto kirahisi, na kona zake huunganishwa kwa kuyeyushwa, lakini hutanuka sana juani. Joto likipanda kwa nyuzi 30, mita moja ya uPVC hurefuka kwa zaidi ya mm 2, wakati alumini hurefuka kwa takriban mm 0.7. Kwa hiyo uPVC huhitaji chuma cha mabati ndani yake, na skrubu za bawaba ziingie kwenye chuma hicho. Kiwango cha Ulaya cha EN 12608 huzigawa kuta za nje za profaili hizo (vipande virefu vyenye uwazi ndani ambavyo hukatwa kuunda fremu) katika daraja A, lenye unene wa angalau mm 2.8, na daraja B, lenye angalau mm 2.5; pima mwenyewe kwenye kipande kilichokatwa. Mbao ni nzuri na hurekebishika, ila lazima ukubali kuipaka rangi kwa ratiba, hasa kwenye ncha za chini ambako nyuzi zilizokatwa hunyonya maji.

Hapa ndipo tofauti ya makadirio yako matatu inapoweza kuwa imejificha. Niliwahi kuitwa kukagua nyumba ambayo mwenyewe alichagua bei ya chini kabisa. Kwa nje madirisha yalifanana na ya jirani, lakini mbawa hazikuwa na chuma ndani, bawaba zilikuwa fupi kuliko zilivyotakiwa, na komeo lilishika sehemu moja tu katikati, hata pembe za juu zikawa zinapiga kelele upepo ukivuma. Kwa hiyo usilinganishe jumla. Andika orodha moja, kisha uwape wote watatu waijaze upya: jina la mfululizo wa profaili na unene wake, chuma cha ndani, aina ya bawaba na uzito inaobeba, idadi ya sehemu ambazo komeo linashika (kwa ubawa mrefu sikubali chini ya mbili), aina na unene wa kioo, wavu wa wadudu, usafirishaji, ufungaji, na nani atakayeziba na kupiga lipu pembezoni. Baada ya hapo utaona kwamba wengine walikuwa wameacha vitu nje.

Kwenye kioo sitakawia. Kioo kilichoimarishwa kwa joto huvunjika vipande vidogo butu, na huwa na muhuri mdogo kwenye kona. Hakiwezi kukatwa wala kutobolewa baada ya kuimarishwa, hivyo vipimo viwe vya mwisho kabla ya kuagiza. Kioo cha tabaka hubaki kimeshikamana hata kikipasuka, na ndicho ninachokipendekeza kwa madirisha ya chini yanayofikika kutoka nje. Kama umeuziwa vioo viwili vyenye utando wa kupunguza upitaji wa joto, washa kiberiti mbele yake: utaona taswira nne za mwali, na moja kati yake iwe na rangi tofauti na zile nyingine. Zote zikiwa za rangi moja, utando haupo.

Nikirudi kwa muuzaji: nenda anakotengenezea, si dukani tu. Chukua kipande cha karatasi, kifungie kati ya ubawa na fremu, kisha ukivute. Rudia kila upande na kwenye kona zote. Karatasi inapaswa kugoma kila mahali kwa nguvu ile ile. Omba kuonyeshwa nyumba aliyoifunga miaka mitano au zaidi iliyopita, kwa kuwa dirisha jipya halijapitia mvua na jua vya kutosha kukupa jibu. Mwulize ni nani atakayekuja kupima, na uangalie anavyopima. Anayepima upana mara moja na kuondoka simwamini. Upana hupimwa juu, katikati na chini, urefu kadhalika, na kipimo kidogo ndicho kinachotumika. Kisha hupimwa kona kwa kona ili ijulikane kama tundu la dirisha ukutani limepinda.

Siku ya kufunga uwepo. Fremu isimamishwe kwa pima maji na ikazwe kwa skrubu ukutani. Povu linalopuliziwa kati ya fremu na ukuta ni la kujaza mwanya, halibebi dirisha. Silikoni ikinuka siki kali, mwambie fundi aache kuitumia, maana aina hiyo huweza kula metali na kuharibu viunganishi vya vioo viwili. Inayotakiwa ni isiyo na asidi. Kabla hajaondoka, mimina kikombe cha maji kwenye mfereji wa chini wa fremu na uone kama yanatokea nje kupitia matundu yake, kwa sababu mafundi wa lipu huyaziba mara kwa mara.

Ghorofani, omba bawaba zinazousogeza ubawa mbali na fremu ili kioo cha nje kisafishwe kutoka ndani, na penye watoto kiwekwe kizuizi kinachoruhusu mwanya wa takriban sm 10 tu, ambacho mtu mzima anaweza kukifungua wakati wa moto. Angalau dirisha moja katika kila chumba cha kulala liweze kumpitisha mtu. Mwongozo wa Uingereza, kwa mfano, hutaka uwazi wa mita za mraba 0.33, usiopungua sm 45 kwa upana na kwa urefu. Na kama unaweka nondo, basi ziwe na mlango unaofunguka kutoka ndani.

Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho itolewe baada ya kila ubawa kufunguliwa na kufungwa mbele yako. Dhamana iandikwe kando kando kwa profaili, kwa vioo viwili kuingia ukungu ndani, kwa bawaba na komeo, na kwa ufungaji, kwa sababu muda wake huwa haulingani. Mwisho, mwambie muuzaji akuachie kipande cha profaili na namba za bawaba na mipira. Bawaba na mipira ndivyo vitakavyohitaji kubadilishwa kwanza, na bila namba hizo utalazimika kubahatisha vipimo.