Maswali na Majibu: Miti ya Kilima cha Chanctonbury

Kilima hiki kiko wapi hasa?

Kiko West Sussex, kusini mwa Uingereza, katika safu ya South Downs, juu ya kijiji cha Washington. Kimo chake ni takriban mita 240, na anga ikiwa safi mtu aliye kileleni huiona bahari upande wa kusini. Mwamba wake ni chaki iliyojengeka chini ya bahari ya kale kutokana na mabaki ya viumbe wadogo mno. Ukiokota kipande njiani, kitakuachia unga mweupe vidoleni, na huenda ukakuta ndani yake bonge la gumegume jeusi.

Je, msitu wa kileleni ni wa asili?

La. Ulipandwa mwaka 1760 na Charles Goring, kijana wa familia iliyomiliki ardhi ya Wiston chini ya kilima. Alichagua miti ya jamii ya Fagus, yenye gome laini la kijivu. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipanda kilima na chupa za maji kuinywesha miche, jambo ninaloliona la kuaminika, kwa kuwa maji hupenya upesi katika chaki.

Kwa nini miti mingi ilianguka mwaka 1987?

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba dhoruba kali iliangusha takriban miti milioni 15 kusini mwa Uingereza. Mvua zilikuwa zimelainisha ardhi, majani yalikuwa bado matawini yakiushika upepo kama tanga, na hapa Chanctonbury udongo ulio juu ya chaki ni mwembamba.

Kabla ya miti kulikuwa na nini?

Kulikuwa na boma la tuta na handaki, lenye umri wa zaidi ya miaka 2,500, ambalo bado linaonekana likiuzunguka msitu. Zama za utawala wa Kirumi yalijengwa ndani yake mahekalu mawili, na katika mojawapo wachimbuzi walikuta mifupa mingi ya nguruwe, hasa ya vichwa. Mizizi ilikuwa imepenya katika mabaki hayo, na miti ilipong'oka iliyafukua. Wanaakiolojia walichimba, kisha miche mipya ikapandwa. Nawaelewa wenyeji waliotaka kuiona tena taji ya miti kutoka mbali, lakini kwangu mimi mahekalu yale ndiyo yaliyostahili kutangulizwa.