Muulize Dada Fundi: Usiuze Kadi, Fungua Kompyuta Kwanza

*Shikamoo Dada Fundi. Mimi ni mwanachuo, nimepanga Nyegezi hapa Mwanza. Nilinunua kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini: prosesa Core i5-6500, RAM GB 8. Nikaipachika kadi ya grafiki GTX 1050 Ti, nayo ya mtumba. Nacheza Counter-Strike 2 na Dota 2. Asubuhi mambo safi. Usiku gemu linagandaganda, hasa maadui wakijaa, na mara nyingine nauawa wakati nimeshajificha nyuma ya ukuta! Wenzangu wanasema niuze hii kadi ninunue kubwa. Nina laki mbili na nusu. Nichukue ipi?*
— Mchezaji, Nyegezi

Marahaba, mdogo wangu. Hizo hela zirudishe mfukoni kwanza. Barua yako ina magonjwa mawili umeyafunga kwenye kanga moja, na mojawapo halitibiwi na kadi yoyote, hata ya milioni tano.

Tuanze na hilo la kufa nyuma ya ukuta. Taarifa za adui zinakufikia zikiwa zimechelewa kidogo, na zako zinamfikia zikiwa zimechelewa vilevile. Kwenye skrini yako umeshajificha. Kwenye yake bado uko wazi, kifua mbele. Akifyatua, seva, ile kompyuta kuu inayoendesha gemu, inarudisha saa nyuma, inaangalia yeye alikuwa anaona nini, inasema risasi halali. Umekufa. Kuchelewa huko ndiko mnakokuita pingi, na hakuna kadi inayokupunguza.

Kwa michezo yako yote miwili, seva ya Afrika iko Johannesburg. Ukivuta kamba iliyonyooka kutoka Mwanza ni kama kilomita 2,700. Mwanga ndani ya fiba, ule waya wa kioo unaobeba mtandao, unakimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 27, na hapo hujakutana na ruta hata moja. Halafu njia yenyewe hainyooki. Mara nyingi mzigo wa data unashuka kwanza hadi pwani, unaingia kwenye nyaya za baharini kama SEACOM na EASSy zilizotua Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, ndipo uelekee kusini. Kama gemu limekupeleka seva ya Ulaya, ni karibu kilomita 6,000 au zaidi, yaani kama milisekunde 60 kabla ya kona yoyote. Unakumbuka kivuko cha Kigongo kabla ya daraja? Uwe na V8, uwe na Noah, kivuko mlikisubiri pamoja.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya Dota 2, chagua kanda ya Afrika Kusini peke yake, kisha washa zile namba za mtandao zinazokaa pembeni ya skrini. Counter-Strike nayo ina namba zake. Ukiganda, tazama: fremu, yaani idadi ya picha ambazo kompyuta inachora kwa sekunde, zimebaki vilevile huku pingi imeruka? Huo ni mtandao. Fremu zimeporomoka huku pingi imetulia? Hapo ndipo tuizungumzie mashine.

Kuhusu usiku, nina shaka na wapangaji wenzako. Asubuhi wako kazini, usiku wote wako kwenye waifai moja, na mbaya zaidi siyo anayeangalia filamu, ni yule ambaye simu yake inapandisha picha za harusi nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupandisha ikijaa, taarifa zako ndogondogo za gemu zinapanga foleni nyuma ya keki. Foleni hiyo waya hauiondoi, kwa hiyo waombe wapandishe picha ukishamaliza kucheza; kisha vuta waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta yako, usigombanie mawimbi ya waifai nao. Waya ni hela ndogo kuliko hata nauli zako za kutafuta kadi. Na kama unatumia bando la simu, angalia simu umeiweka wapi. Nyumba zetu hizi za milimani zina mambo. Nilikuwa na mteja Mabatini, chumba chake kimeegemea jabali kubwa kama basi, na mnara uko upande wa pili wa hilo jabali. Amebadilisha laini mara tatu. Tulipoihamishia simu kwenye dirisha la jikoni, mita nne tu, pingi ikatulia. Jiji la miamba, tunajisifu, lakini mawimbi hayapendi mawe.

Sasa mashine. Kuna jaribio moja nalifanya kwa kila anayepanda ngazi zangu hapa Kirumba, na halina gharama. Teremsha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta ambazo kadi inachora kwa kila fremu zinashuka kutoka milioni 2 na kitu hadi laki 9 na kitu, chini ya nusu. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki palepale, kadi yako ilikuwa imekaa mikono mapajani inasubiri prosesa, ubongo wa kompyuta, iipe kazi, na ukinunua kubwa zaidi utakuwa umenunua kiti kizuri zaidi cha kusubiria.

Mimi dau langu naliweka kwa prosesa na RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo prosesa inafanyia kazi. Umesema inaganda maadui wakijaa. Kupiga hesabu za nani yuko wapi, nani kampiga nani, ni kazi ya prosesa, na i5-6500 ina koa (vitengo vya kupigia hesabu) nne tu, ya mwaka 2015. Haifi leo, ila haitaki wapambe: funga kivinjari chenye tabo thelathini kabla hujaingia uwanjani. Halafu fungua kava uangalie RAM. Hizi kompyuta za ofisini mara nyingi zinakuja na kijiti kimoja cha GB 8, kwa hiyo prosesa inavuta data kwa njia moja wakati ubao umejengewa mbili. Ongeza kijiti kingine kama hicho, kwenye tundu sahihi, njia ya pili inafunguka. Usiagize kwa kukisia, maana prosesa za kizazi hicho zinakaa kwenye bodi za RAM aina ya DDR3L na za DDR4, na vijiti havibadilishani. Kichomoe, kifunge kwenye kitambaa, nenda nacho dukani.

Ukiwa umefungua kava, pulizia vumbi. Mashine zinazotoka soko la samaki la Mwaloni nazijua kwa harufu ya dagaa kwenye feni kabla mwenyewe hajajitambulisha, na msimu wa vile vijidudu vya ziwani heatisinki, kile chuma chenye mapezi cha kupozea, inaziba kama chujio la chai. Kadi ikishapita nyuzi joto 80 inaanza kujipunguzia mwendo yenyewe. Chumba cha bati saa nane mchana hakihitaji msaada wa vijidudu.

Na kama jaribio litasema kadi ndiyo mkosaji? Bado usiuze. Michezo yote miwili ina FSR, inayochora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili. Ni ya kampuni ya AMD, lakini inakubali kwenye kadi yako iliyotoka kwa Nvidia. Punguza ulaini wa kingo, punguza ubora wa vivuli. Ila kwenye Counter-Strike usizime vivuli vya watu: kivuli cha adui kinatangulia kona kabla yake, na mimi huko ndiko ninakopata pointi zangu chache. Mwisho, fungia fremu kwenye namba ambayo mashine inaimudu hata vita ikichacha. Sitini zilizotulia, moja kila milisekunde 16.7, jicho linaziamini kuliko mia zinazoanguka hadi thelathini.

Siku ukija kubadilisha kweli, kumbuka tundu la kadi linatoa wati 75 na pawa saplai za ofisini nyingi hazina waya wa ziada. Tafuta GTX 1650 isiyo na plagi yake ya umeme. 1050 Ti yako ni ya 2016, na Nvidia iliacha kuitolea draiva mpya za michezo, zile programu zinazoiendesha kadi, Oktoba 2025. Haitazimika kesho, lakini usimuuzie mwenzio kwa bei ya kadi changa.

*Habari za kazi, Dada Fundi. Kijana wangu wa kidato cha pili anataka kadi ya grafiki ya GT 1030. Dukani nimekuta mbili, jina moja, bei tofauti. Ananidanganya nani, mtoto au muuzaji?*
— Mama wa Igoma

Salama, mama. Hakuna anayekudanganya, labda aliyezipa jina. Moja ina kumbukumbu ya GDDR5, nyingine DDR4. Ya kwanza inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya pili 16.8. Soma ubavu wa boksi. Kama ni DDR4, iache hapo hapo hata wakikupunguzia. Na mwambie kijana aanze kwa kukuonyesha namba za fremu, asome barua ya hapo juu.

*Fundi mwenzangu, nimepata 1050 Ti tatu za bei ya kutupa. Zina tundu la VGA, zitawafaa wateja wangu wenye monita za zamani. Nizibebe?*
— Fundi, Sengerema

Kimbia. 1050 Ti halisi haina VGA; kizazi kile kiliacha kutoa picha ya analogi. Hizo ni kadi kuukuu zilizobadilishwa jina ndani ya chipu, kompyuta inasoma 1050 Ti lakini kinachofanya kazi ni bibi yake. Kabla ya kulipa, omba uiwashe na programu ya bure ya GPU-Z; tangu 2018 inaweka neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo.

Najua kwa sababu mimi mwenyewe niliinunua moja, kwa muuzaji aliyekuwa na haraka sana ya kuwahi basi. Bado ninayo. Nimeifunga kwenye mlango wa ofisi kwa kamba ya nyavu, upepo wa ziwa ukivuma jioni inauzuia usijibamize.