Wasomaji Wauliza: Kwa Nini Barabara Moja Humchosha Mwendesha Baiskeli Kuliko Nyingine?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Buruburu, Nairobi, na huenda kazini Upper Hill kwa baiskeli ile nzito isiyo na gia, maarufu kama Black Mamba. Nikifika mzunguko wa City Stadium nina njia mbili: kupitia Lusaka Road na Bunyala Road, au kupitia Landhies Road, Muthurwa na Haile Selassie Avenue. Urefu wake hautofautiani sana. Njia ya Muthurwa imejaa watu na mikokoteni, lakini ile ya Lusaka Road ndiyo hunifikisha kazini nikiwa hoi, mabega yakiuma. Je, ni mazoea tu?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Si mazoea, ndugu yetu, na wala hujidanganyi. Tuanze na ardhi yenyewe. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo nyanda za juu zinashuka kuelekea uwanda wa Athi, na ndiyo maana upande wa magharibi una miinuko na mabonde ya mito ilhali Eastlands, yaani mitaa ya mashariki unakoishi, ni tambarare. Kwa hiyo kila asubuhi unapanda, na kila jioni unashuka. Lakini kwa kuwa njia zako zote mbili zinaishia Upper Hill, mwinuko hauelekei kuwa sababu kuu ya tofauti unayoisikia mwilini. Sababu iko kwa wale unaotumia nao barabara.

Lusaka Road hubeba malori yanayoingia na kutoka Industrial Area, na pale msongamano unapolegea, magari hukimbia. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa lina nguvu ya mgongano mara nne ya lile la uzito uleule linalokwenda kilomita 30, na mwili wako unalijua hilo hata kama hujawahi kulipigia hesabu. Lori likikupita karibu, upepo wake kwanza hukusukuma pembeni, kisha hukuvuta kuelekea magurudumu yake ya nyuma, nawe hukaza vidole kwenye usukani, viwiko vinakakamaa, na mabega hupanda kuelekea masikioni. Endelea hivyo hadi Bunyala Road na maumivu hayo hayatakuwa na fumbo lolote. Zaidi ya hayo, mwendesha baiskeli husikia gari kabla ya kuliona. Injini za malori na honi zikizidi, masikio hayamsaidii tena, na inambidi ageuze shingo mara kwa mara ilhali macho yake yanahitajika kutazama mashimo yaliyo mbele.

Huko Muthurwa, penye soko, mambo ni kinyume. Kwa kuwa baiskeli yako haina gia, kila unaposimamishwa na mkokoteni na kuanza upya, miguu hufanya kazi kubwa, pengine kubwa kuliko ile ya Lusaka Road. Hata hivyo, wanunuzi, wachukuzi na wachuuzi wanaovuka hovyo wamemlazimisha kila dereva atambae na kutazama alipo. Ukigongwa hapo huenda ukaumia, lakini huendi na roho mkononi. Mimi naona jambo hili halisemwi vya kutosha tunapozungumzia usafiri wa jiji letu: uchovu wa hofu ni mzito kuliko uchovu wa miguu, na hauponi kwa chai ya saa nne.

Wengine pia wamelipima jambo hili. Katika jiji la Portland, Marekani, watafiti walifuatilia safari za waendesha baiskeli 164 kwa vifaa vya GPS, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 ilibainika kwamba watu hao walikubali kuzunguka njia ndefu zaidi ili kukwepa miinuko mikali na barabara zenye magari mengi. Portland si Nairobi, lakini hesabu unayoifanya pale City Stadium ni ileile.

Nakushauri ubaki na njia ya Muthurwa, ukizingatia mambo mawili. Asubuhi unapoelekea magharibi jua liko mgongoni mwako, nawe unaona vizuri. Lakini dereva anayekuja kutoka mbele na kutaka kukata kulia analipokea jua usoni, na huenda asikuone kabisa. Jioni unaporudi hali ni hiyohiyo, kwa hiyo usiamini kwamba umeonekana mpaka gari limesimama. Pili, unapovuka Uhuru Highway, nguzo za Nairobi Expressway, barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 na ambayo baiskeli haziruhusiwi kuipanda, huficha magari yanayokuja. Hapo teremka, uvuke kwa miguu pamoja na wengine. Wakati wa masika epuka pia njia za vumbi za kando, maana udongo mweusi wa Eastlands hunata kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

SWALI: Mhariri, mimi ni dereva na hupita Ngong Road kila siku. Waendesha baiskeli wamejengewa njia yao kwa pesa za umma, lakini bado nawakuta kwenye lami, mbele ya magari. Wanataka nini zaidi?
Dereva, Karen

JIBU: Nakuomba, ndugu dereva, siku moja uifuate njia hiyo kwa miguu, ukiitazama kwa macho ya mtu aliye juu ya magurudumu mawili. Katika barabara nyingi za jiji hili utakuta njia ya baiskeli inakatika kwenye kila lango la kituo cha petroli na kila kiingilio cha jengo, na kila inapokatika mwendeshaji anashuka ukingo wa zege na kuupanda mwingine. Utapita mahali ambapo kifuniko cha mtaro kimeibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na shimo likazibwa kwa tawi la mti. Utakuta bodaboda zimeegeshwa zikisubiri abiria, mama mboga amepanga nyanya zake, na mbele kidogo njia inamalizikia kwenye kituo cha matatu, katikati ya abiria wanaoshuka. Waenda kwa miguu nao wamo humo, na wana haki ya kuwamo, kwa kuwa mara nyingi hawakuachiwa pengine pa kupita.

Mtu anayewahi kazini hawezi kupanda na kushuka namna hiyo kwa kilomita kadhaa. Anaposhuka kwenye lami si kwamba anakudharau. Amepima hatari mbili na kuchagua ile anayoweza kuiona ikija. Kaunti ya Nairobi iliahidi, katika sera yake ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini, kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili ya watembeao na waendesha baiskeli. Hasira yako ingefaa zaidi ikielekezwa kwenye ahadi hiyo. Kwa sasa, ukimkuta mbele yako, subiri mpaka upate nafasi ya kumpita kwa umbali usiopungua mita moja na nusu.

SWALI: Mhariri, mwanangu wa miaka kumi na mitatu anaendesha baiskeli vizuri sana tukiwa Msitu wa Karura, lakini akitoka barabarani hutetemeka. Anataka kwenda shuleni kwa baiskeli. Nimruhusu?
Mama, Kileleshwa

JIBU: Mama, bado kidogo. Karura imemfundisha kushika breki, kupanda kilima na kukata kona, lakini njia za msituni hazina magari, kwa hiyo hazijamfundisha kukisia dereva atafanya nini. Kutetemeka kwake ni dalili njema ya mtoto anayeiona hatari. Anza naye Jumapili asubuhi, barabara za Kileleshwa zikiwa tulivu. Yeye atangulie, nawe ufuate nyuma yake ukiwa umesogea kidogo kulia, ili gari likupite wewe kwanza. Mfundishe kukaa mbali na magari yaliyoegeshwa, kwa umbali wa mlango uliofunguliwa. Pitieni njia ya shule siku zisizo za masomo, kisha saa ileile ya asubuhi siku ya masomo, mkiwa pamoja. Pakiwa na makutano makubwa njiani, ashuke na kuisukuma baiskeli kwenye kivuko, hata kama wenzake hawafanyi hivyo. Akishaweza kukueleza, kabla hamjafika, ni wapi gari litatokea na kwa nini, mwachie aende.